Namna ya Kushindwa Kuiba Elfu Nne za Ofisi

Sogea karibu nikunong'oneze. Wewe si mwizi, najua. Lakini kuna siku bosi atakukabidhi sh. 50,000 ukanunue koki ya bomba na kopo la rangi, nawe utarudi na chenji ambayo kiasi chake mnakijua wawili tu, wewe na muuza duka. Nataka ushindwe kuila. Usihangaike kuwa mtakatifu. Utakatifu huchukua miaka, na chenji inasubiriwa leo jioni. Tutapita njia za mkato.

1. Mjibu muuza duka kabla hajauliza.

Swali lake unalijua. Koki ni sh. 14,000, umeshalipa, naye ameshika kalamu juu ya kitabu cha risiti. Anainua macho, anauliza kwa upole: "Niandike ngapi, bosi?" Hajataja rushwa wala hajakukonyeza. Anakukirimu tu ili kesho urudi dukani kwake. Hapo ndipo elfu nne za ziada kwenye risiti huzaliwa. Ukinyamaza kidogo tu, kichwa kitaanza kukutetea: nauli nimejilipia, mshahara umechelewa, jua lote hili ni la kwangu. Usikipe nafasi. Taja bei ukiwa bado unahesabu noti: "Andika kumi na nne, na jina la ofisi." Bora zaidi, nunua kwa mwenye mashine ya EFD, ile ya risiti za kielektroniki. Mashine hizo zilianza kutumika Tanzania mwaka 2010 kwa ajili ya kodi, lakini zinakulinda na wewe. Muuzaji akiongeza bei kwenye mashine, amejiongezea kodi mwenyewe, kwa hiyo ule ukarimu humtoka ghafla.

2. Usiazime.

Mtaalamu wa uhalifu wa Marekani, Donald Cressey, aliwahoji wafungwa waliokula fedha walizoaminiwa nazo, na mwaka 1953 akatoa kitabu juu yao. Wengi hawakujiona wezi walipokuwa wakichukua. Waliazima tu, na wangerudisha mambo yakikaa sawa. Nawe utaazima hivyo hivyo, tena kwa nia safi, saa saba mchana ukiwa na njaa. Basi hela ya ofisi ikae kwenye bahasha, kiasi kiandikwe juu yake kwa kalamu, na isiguse mfuko wenye hela yako. Ikitumwa kwa simu, itoe siku hiyo hiyo. Ikichanganyika na salio lako itakununulia vocha na hutakumbuka ilikuwaje. Njaa ikikubana, kakope kwa mama ntilie. Yeye atakudai, tena mbele za watu. Bahasha haidai.

3. Yatumie majivuno yako.

Unapenda kuonekana mtu mzuri. Vizuri sana, hiyo ni mali. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walichapisha jaribio walilofanya kwenye chumba cha chai cha idara yao, ambapo kila mtu hujihudumia na kutumbukiza hela sandukuni bila msimamizi. Wiki moja karatasi ya bei ilikuwa na picha ya maua, wiki iliyofuata picha ya macho. Wiki za macho, malipo yalikaribia kuwa mara tatu ya wiki za maua. Majaribio mengine yaliyofuata hayakuona mara zote nguvu hiyo ya picha, kwa hiyo usihangaike kuzibandika. Macho ya kweli yako tele ofisini, tena bure. Rudisha chenji watu wakiwepo, na useme kwa sauti: "Dada, hii hapa elfu mbili na mia tano iliyobaki, nihesabie." Watakusifu. Zipokee sifa, ni haki yako. Ukishajulikana kuwa ndiye anayerudisha hadi mia mbili, umenaswa: siku utakayorudi mikono mitupu, mtu atauliza, "Vipi, leo hakuna chenji?"

4. Nauli ya bodaboda ibandike ukutani.

Bodaboda hatoi risiti, na safari ya benki hurefuka kila ikisimuliwa. Kubalianeni ofisi nzima: benki kiasi hiki, posta kiasi hiki. Basi.

5. Mchango wa msiba ubebwe na wawili.

Hapa nakusihi. Fedha ya msiba ndiyo rahisi kuliko zote kupungua njiani, kwa sababu ni noti ndogondogo, zinakusanywa haraka, na kuuliza hesabu huonekana utovu wa adabu. Mfiwa atapokea bahasha kwa mikono miwili na kushukuru, iwe na laki mbili au laki moja na sabini. Hawezi kuhesabu mbele yenu, wala hatauliza maisha yake yote. Somea wenzako orodha kabla ya kuondoka, majina na jumla. Iandike jumla ndani ya bahasha. Kisha mchukue mwenzako mwende naye, hata kama unajiamini, hasa kama unajiamini.

6. Na wewe mkubwa, usidhani umepona.

Mwaka 1984 mchumi mmoja, Paul Feldman, aliacha kazi yake akawa anapeleka mikate kwenye ofisi za eneo la Washington na kuacha chombo cha kuwekea hela. Mwanzoni chombo kilikuwa wazi, hela zikachukuliwa. Akaweka sanduku la mbao lenye tundu, na wizi wa hela ukawa nadra. Alitunza hesabu zake miaka mingi, na kwa alivyoona, ghorofa za wakubwa zililipa pungufu kuliko za wafanyakazi wa kawaida.

Kwa hiyo funga sanduku la hela la ofisi yako, halafu anza na deni lako. Mlipe tarishi nauli kabla hajatoka. Ukimtuma kwa hela yake na kumwahidi kumrudishia, kisha ahadi ikapita wiki tatu, ile risiti ya uongo atakayoleta umemwandikia wewe. Kila Ijumaa uliza nani anaidai ofisi, hata kama ni mia tano, na umlipe hapo hapo. Chai uliyokunywa wiki nzima ilipie pia, saa ambayo wahudumu wapo na wanakuona.