Baba Athibitisha Kwamba Si Roboti

Kwetu Litein mvua hushuka baada ya chakula cha mchana, na siku ile ilimkuta Baba mezani mbele ya laputopu yangu, akisaka sababu ya bonasi yetu ndogo ya chai. Kila Oktoba jambo hili humnyima usingizi: wakulima wa upande wetu, magharibi mwa Bonde la Ufa, wamezoea kulipwa pungufu ya wenzao wa Meru na Kirinyaga, ilhali majani ni yale yale mawili na chipukizi. Akapata ukurasa uliodai kufichua yote. Kabla haujafichua lolote, ukamuuliza kama yeye ni roboti.

Baba alikuwa karani wa kituo cha kununulia majani kwa miaka 31. Ameitwa mengi, hasa siku ambazo mizani haikuwapendeza watu, lakini roboti hajawahi. Akavaa miwani.

Mimi nilikuwa jikoni na Mama tukisonga kimyet, ugali wetu. Tulichosikia kwanza ni feni ya laputopu ikivuma kama mtambo wa kukaushia chai. Kufika sebuleni, visanduku vyekundu vinachipuka pembeni mwa skrini, kimoja juu ya kingine, vyote vikidai mashine ina virusi na kutaka tulipe. Kogo, nyanya yangu, alikuwa amekaa karibu na kibuyu chake cha maziwa ya mursik. Akatazama, akasema, "Hicho chombo kina homa."

"Baba, umebonyeza nini?"

"Nilichoambiwa."

Hapo ukarani ukatuokoa. Baba hafanyi kitu bila kukiandika, na daftari lilikuwa wazi pale pale: *Saa 8:40, Ruhusu. Saa 8:42, Windows na R kwa pamoja. Saa 8:42, Kontrol na V. Saa 8:43, Enta. Nimethibitishwa.*

Nikavuta kiti.

Kilichomwelekeza Baba ni skripti, yaani amri zinazoandamana na karibu kila ukurasa, nyingi zisizo na ubaya. Kivinjari huzipokea sebuleni kama wageni na kuzifungia mlango wa chumbani. Hata Coinhive, iliyovuma kati ya 2017 na 2019 kwa kuchimba sarafu ya Monero kwenye kompyuta za watu, iliishia sebuleni: ukifunga ukurasa, kwa kawaida nayo inakoma. Hii ya Baba ni ya ujanja mwingine, ulioenea tangu 2024. Ukurasa ulinakili amri yake kimyakimya. Windows na R ikafungua kisanduku cha kuendeshea programu, Kontrol na V ikaibandika amri humo, Enta ikaituma intaneti kuleta mwizi, yaani programu ya kuiba nywila. Skripti haina mikono, kwa hiyo iliazima ya Baba.

Mama, mwepesi wa maamuzi, alishazima swichi ya ukutani. Laputopu ina betri, haikujali. Mimi nikazima hotspoti ya simu, maana mwizi huyu bila mtandao hana pa kupeleka mzigo. Kisha kwa simu, si kwa mashine ile gonjwa, nikabadilisha nywila, ya barua pepe kwanza kwa kuwa ndiyo ufunguo wa nyingine zote, na nikaviondoa vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia kwenye akaunti. Hili watu hulisahau. Mwizi akishabeba vidakuzi vyako anaweza kuendelea kukaa ndani hata baada ya nywila kubadilika.

Visanduku vyekundu, vilivyotutisha kuliko vyote, ndivyo vilivyokuwa vyepesi. Vilitokana na ile "Ruhusu" ya saa 8:40. Niliingia kwenye mipangilio ya kivinjari, nikaunyang'anya ukurasa ule ruhusa ya kutuma arifa, vikanyamaza.

Microsoft Defender ina uchunguzi unaofanyika Windows ikiwa bado imelala, kabla mwizi hajaamka naye. Nikauanzisha. Dakika chache baadaye skrini ikawa nyeusi na mimi nikaomba toba, kumbe betri imeisha: swichi ya Mama haikuwahi kurudishwa. Tulipoanza upya, programu mbili zikakamatwa. Hata hivyo sikulala vizuri. Kesho yake nilinakili picha na hati tu, bila programu hata moja, nikafuta kila kitu na kuiweka Windows upya. Ni kazi ya nusu siku, lakini mwizi aliyeingia kwa mkono wa mwenye nyumba simwamini kwamba ametoka kwa sababu tu nimeambiwa ametoka.

Baba alinisubiri na daftari.

"Wamechukua nini?"

"Labda nywila. Saba zilikuwa zimehifadhiwa."

"Uzito?"

"Baba, nywila hazina uzito."

Akaandika *Nywila 7, kilo 0*, akapiga mstari chini yake kwa rula, akanisogezea kalamu nitie sahihi.