Salamu Mpaka Ndani ya Neno

Steshenari za Kiembe Samaki zinaishi kwa barua. Mtu anataka kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, barua kwa sheha. Kapoteza kadi ya benki, barua. Anaomba kazi uwanja wa ndege, barua, na huyo huja mbio maana mwisho wa kupokea maombi ni leo saa tisa. Maneno ya juu na ya chini ni yale yale kila siku, kwa hiyo mpwa wangu, kijana mjuzi wa kompyuta asiye na chembe ya subira, akanitilia programu ya vifupisho kwenye kompyuta ya steshenari yangu: unachapa herufi chache, inatoka sentensi nzima.

Si kitu kipya. Programu yenyewe, AutoHotkey, ipo tangu 2003, tena ya bure, na kwa kawaida yake husubiri umalize neno, ubonyeze nafasi au nukta, ndipo igeuze. Ukitaka isisubiri, tena iingie hata katikati ya neno, unaiongezea nyota na kiulizo. Mpwa wangu aliongeza vyote viwili. Kusubiri, alisema, ni mambo ya wazee.

“Asa” akaifanya salamu kamili, na “sha” akaifanya Sheha wa Shehia ya Kiembe Samaki. Basi kijana wa watu akaja na sentensi yake ya heshima, “Kwa sasa nimekamilisha masomo ya skuli”, ikatoka hivi: “Kwa sAssalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh nimekamiliSheha wa Shehia ya Kiembe Samaki masomo ya skuli.” Sisi tuliojifunza kwa taipureta tunachapa macho yakiwa kwenye rasimu, skrini ni ya mteja.

Halafu akaja bi mmoja na mwaliko wa harusi ya binti wa kaka yake. Chini alitaka pawe na “Madereva, tafadhali msafara uende polepole.” Kumbe “pole” nayo ilikuwa na kazi, maana barua za msiba hutakiwa upesi. Kadi ikasomeka: “Madereva, tafadhali msafara uende Tunatoa mkono wa pole kwa familia ya marehemuTunatoa mkono wa pole kwa familia ya marehemu.” Mara mbili, kama kwamba bibi harusi na bwana harusi kila mmoja kapewa yake.

Yule bi akavaa miwani, akasoma. Akaivua, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akasoma tena.

“Kwa bwana mwenyewe nimjuavyo,” akasema, “hamkukosea sana. Lakini pesa silipi.”

Mpwa wangu akashauri kila kifupisho kianze na x, kwa vile Kiswahili hakina x. Kasahau vijana wenziwe. Wakija kuchapa wenyewe, “sasa” kwao ni “xaxa”, na “xa” ilipokuwa ndiyo salamu, mwajiri akasalimiwa mara mbili bila kuambiwa shida ya mtu.

Kilichotuokoa ni nukta mkato. Hapana barua ya kwa sheha niliyowahi kuona nukta mkato imegandana na herufi inayoifuata. Tangu hapo kazi inakwenda vizuri, isipokuwa mpwa wangu amejiwekea kifupisho chake mwenyewe, “;msh”. Akikichapa, inatoka barua nzima ya kunidai mshahara, na tarehe ya siku hiyo inajijaza yenyewe.