Jubilei ya Panya wa Florida: Barua kwa Walioko Nyumbani

Walioko nyumbani, ambao pengine hudhani kwamba Mtanzania wa Marekani akipata likizo hulala, wanapaswa kufahamishwa kwamba huko kuna wajibu wa kifamilia usiokwepeka kama arusi ya binamu, nao ni kuwapeleka watoto kwenye bustani ya burudani, yaani eneo kubwa lenye uzio ambamo zimejengwa bembea, treni za kuzungusha kichwa, kumbi za maigizo na maduka yasiyohesabika, na ambamo mtu hulipa kiingilio mlangoni ili apate haki ya kupanga foleni ndani. Kubwa kuliko zote ni Walt Disney World, iliyo karibu na Orlando katika jimbo la Florida, ambayo ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971 na ambayo, ilipotimiza miaka 50, haikusherehekea siku moja na kuosha vyombo kama wafanyavyo watu wengine, bali iliendeleza jubilei yake kwa miezi 18, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2021 hadi tarehe 31 Machi 2023. Urefu huo hautamshangaza yeyote aliyewahi kuwa mweka hazina wa kamati ya sherehe, kwa kuwa shughuli ambayo wageni wanailipia mlangoni haina sababu ya kuisha mapema.

Historia ya mahali penyewe itaeleweka vizuri zaidi kwa wale waliowahi kununua kiwanja Kigamboni kwa kupitia jina la shemeji. Katikati ya miaka ya 1960, Walt Disney, ambaye tayari alikuwa na bustani ya namna hiyo California tangu mwaka 1955, alinunua mapori na vinamasi vya Florida kimyakimya kwa kutumia kampuni zenye majina mengine, ili wenye ardhi wasijue mnunuzi ni nani wakapandisha bei, na siri hiyo ilidumu hadi Oktoba 1965 gazeti moja la Orlando lilipoifichua. Eneo lililopatikana ni la takriban kilomita za mraba 110. Walt alifariki Desemba 1966 kabla ya kuona hata lango moja likisimama, na kaka yake Roy, aliyekuwa akijiandaa kustaafu, ndiye aliyeahirisha mapumziko yake, akasimamia ujenzi, akakata utepe, kisha akafariki Desemba ya mwaka uleule wa 1971.

Kiingilio cha mtu mzima mwaka huo kilikuwa dola 3.50, na michezo ilikatiwa kuponi zake peke yake. Wakati wa jubilei, tiketi ya siku moja ilianzia dola 109 na kwa muda mrefu haikuzidi 159, kutegemea tarehe, kwa maana kwamba siku ambayo watoto wote wamefunga shule ndiyo siku ghali, jambo ambalo wapiga debe wa stendi ya mabasi hulitekeleza kila Desemba bila kulipwa mshahara wa mtaalamu wa uchumi. Mtoto aliye chini ya miaka 3 huingia bure, wa miaka 3 hadi 9 hupunguziwa kidogo, na aliyefikisha 10 huhesabiwa mtu mzima. Kipengele hiki cha mwisho kina madhara makubwa katika malezi. Katika familia inayochunguzwa hapa, yenye makao yake Atlanta na iliyojumuisha baba, mama, watoto watatu na bibi aliyekuja kutembea kutoka Pangani, mtoto wa kwanza, ambaye nyumbani haruhusiwi kuwasha jiko, alikatiwa tiketi ya mtu mzima, na kutokana na hilo baba alitoa uamuzi kwamba kama ni mtu mzima basi atabeba hotipoti.

Hotipoti, kwa faida ya kizazi kitakachokuja, ni chombo chenye kuta mbili kinachohifadhi joto la chakula, na ni nguzo ya bajeti ya ughaibuni. Kanuni za bustani hiyo zinaruhusu mgeni kuingia na chakula chake, ilimradi hakuna vyombo vya kioo wala pombe, na kwa sababu hiyo chapati kumi na tano, kachori na pilau la jana vilipita mbele ya walinzi wanaokagua mifuko langoni, ambapo mmoja wao alifunua kifuniko, akanusa, akafunika, akanusa tena. Bibi aliichukulia hali hiyo kuwa ni ombi, na ilibidi azuiwe asimpakulie.

Yapo mengine ya bure, na mgeni mwenye macho huyakusanya yote. Kwenye vibanda vya chakula hutolewa kikombe cha maji ya barafu kwa kila aombaye, na katika ofisi za kuhudumia wageni hupatikana beji ambayo juu yake huandikwa kwamba mvaaji anasherehekea, mwenyewe akijaza ni nini. Baba, baada ya kuthibitisha mara mbili kwamba beji hailipiwi, alichukua sita. Bibi aliiandikisha yake kumbukumbu ya ndoa, ijapokuwa marehemu babu hajulikani kuwahi kuikumbuka, akaibandika juu ya kanga, na kwa siku nzima wahudumu wakawa wanampongeza, naye akawa anawaombea dua kwa zamu.

Kuhusu jubilei yenyewe, dalili zake kuu zilikuwa dhahabu. Kasri la Cinderella, ambalo ni jengo la mita 58 lililoundwa kwa chuma na zege, na ambalo mawe yake ya kuigiza hupunguzwa ukubwa kadiri yanavyopanda ili jicho lidanganyike kuwa ni refu zaidi, lilivishwa mapambo ya dhahabu na nembo ya namba 50, na katika bustani zote nne zinazounda eneo hilo zilitawanywa sanamu za dhahabu za wahusika 50 wa filamu za Disney. Wa kwanza kwa heshima ni Mickey, yule panya aliyeonekana kwenye filamu mwaka 1928 na ambaye umri wake kwa hiyo unamzidi bibi. Bibi aliitazama sanamu hiyo kwa makini ya mtu aliyepoteza magunia ya mahindi, akauliza kama wenyeji hawafugi paka.

Foleni inastahili kitabu chake. Katika bustani hizi foleni haipangwi kwa mstari ulionyooka, bali hukunjwa na kukunjuliwa kati ya vyuma, ikaingizwa mapangoni, ikapindishwa nyuma ya ukuta, kwa lengo kwamba anayesubiri asiweze kuona wingi wa waliomtangulia, na mlangoni huwekwa tangazo la dakika zinazokadiriwa. Anayefika mbele anaweza kukuta kijiti cha kupimia urefu, kwa mfano sentimita 112 kwa treni ya gizani iitwayo Space Mountain, na hapo ndipo ilipobainika kwamba mtoto wa pili alikuwa amekidhi kiwango kwa msaada wa nywele, ambazo mhudumu alizikandamiza kwa upole na bila huruma. Lakini jambo linalompasa msomaji wa Afrika Mashariki kulitafakari ni huduma iliyoitwa Genie+ hadi mwaka 2024, iliyoanzishwa Oktoba 2021 kwa dola 15 kwa mtu kwa siku, ambayo ilimwezesha mgeni kwa kutumia simu kupitia mlango wa pembeni na kuwapita waliosimama tangu asubuhi. Afrika Mashariki jambo hilo hufanywa kwa noti iliyokunjwa kiganjani na sura ya kuangalia pembeni. Huko lina programu, lina risiti, na anayechomekea hupewa kheri ya siku njema. Baba, ambaye miaka yote amewalaumu wachomekeaji wa barabara ya Morogoro, aliinunua.

Hata hivyo, sehemu iliyoishangaza familia zaidi ni bustani ya nne, ya wanyama, iliyofunguliwa Aprili 1998, kwa sababu ndani yake umejengwa mji wa kubuni wa pwani ya Afrika Mashariki unaoitwa Harambe, ambao wabunifu wake, wakiongozwa na Joe Rohde, waliuiga kwa kutazama Lamu. Upo ukuta wa matumbawe uliobambuka lipu, yapo mabango yaliyobandikwa yakachanwa, ipo rangi iliyofifia kwa jua, na kila doa la uchakavu limewekwa kwa makusudi na mafundi waliolipwa vizuri. Paa zimeezekwa na mafundi wa Kizulu walioletwa kutoka Afrika Kusini, jambo ambalo waezekaji wa makuti wa Lamu wana haki ya kuuliza habari zake. Mahali pamoja pameandikwa Uhuru 1961, mwaka ambao ni wa Tanganyika, wakati sura ya mji ni ya kisiwa kilichopata uhuru pamoja na Kenya mwaka 1963. Pengine huo ndio muungano uliokuwa ukizungumzwa zamani. Bibi, ambaye mtaa wake Pangani una kuta za namna hiyohiyo na ambaye kwa miaka mingi amewasumbua wanawe wamtumie fedha za ukarabati, aligusa ukuta, akakwangua kidogo kwa ukucha, akasema: "Na hela zote hizi, wameshindwa kununua chokaa?"

Dereva wa gari la kutazamia wanyama, kijana mchangamfu, alimsalimu kwa jambo, na bibi akabaki akimtazama, akingoja shikamoo ambayo haikuja, hadi gari likaondoka. Katika muda wa dakika kama 20 walipita twiga, simba juu ya jabali na mibuyu mikubwa ya zege, na abiria wote wakapiga kelele tembo alipotokea, isipokuwa mmoja, anayetoka jirani na Hifadhi ya Saadani, aliyetaka kujua ni nani humlipa mkulima fidia.

Jioni mama alituma picha kwenye kundi la ukoo, na kwa kuwa kasri lilikuwa limezibwa na vichwa vya watu, alichagua ile ya bibi mbele ya ukuta uliobambuka. Mjomba wa Tanga alikuwa wa kwanza kujibu, akiwa amekasirika, akitaka kuelezwa ni kwa nini familia imerudi Pangani bila kuaga wala kupita kwake. Alipofahamishwa kwamba ukuta huo uko Florida na kwamba watu huulipia kuuona, alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza ni shilingi ngapi kwa kichwa, akakumbusha pia kuhusu ile ada ya muhula wa pili. Baba alijibu kwamba simu inaishiwa chaji.