Bao Lisilolala

Kazi ya kuandika programu za kompyuta, ambayo ndiyo riziki yangu hapa Unguja, ina msiba ambao seremala na mwashi hawaujui, nao ni kwamba kitu kilichojengwa hakionekani. Na maadamu hakionekani, kila mtu ana uhuru wa kudhani apendavyo juu yake. Bibi yangu, ninayekaa naye Kikwajuni, humwambia kila mgeni, kwa huruma isiyofichika, kwamba mjukuu wake analipwa kwa kukodoa macho. Majirani wana dhana bora zaidi, ila ina gharama: kwao mtu ajuaye kompyuta hujua kila kitu kipitacho umeme, hivyo siku za mapumziko huletewa pasi zilizoungua, feni zilizogoma, na safari moja jokofu zima juu ya mkokoteni, ndani yake mna nguru wa mwenyewe, ambaye hali yake haikuruhusu mjadala mrefu.

Kazini kwenyewe vioja havipungui. Mashine nyingi huhesabu wakati kwa sekunde zilizopita tangu usiku wa manane wa tarehe 1 Januari 1970, kwa saa za Greenwich. Karani akiacha tarehe bila kuijaza, programu isiyo na hadhari huisoma nafasi ile kuwa sifuri, na sifuri ndiyo siku hiyo. Kwa njia hii wateja kadhaa wa duka moja la vifaa vya ujenzi, ambalo staha yanizuia kulitaja, walipata ujumbe wa simu ukiwakumbusha, kwa adabu kamili, kulipa madeni yao ya tangu 1 Januari 1970, saa tisa za usiku. Mama mmoja, ambaye wakati huo hata wazazi wake walikuwa hawajaoana, alifika dukani na cheti chake cha kuzaliwa. Mzee mwingine, aliyekuwa hai zamani hizo na mwenye kumbukumbu ya kutisha, alisema usiku ule alikuwa baharini Kizimkazi akivua, na mashahidi wapo. Nilimweleza mwenye duka asili ya jambo lote, naye akanisikiliza kwa makini mpaka mwisho, kisha akauliza kama kuna yeyote aliyelipa.

Nje ya kazi mapenzi yangu ni bao, namaanisha bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, ambalo wazee wa baraza yetu hulicheza tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi, kwa ukimya wa makadhi na vijembe vya makuli. Ikanijia tamaa ya kuiandikia simu yangu programu ya kulicheza. Kunamua, pale kila mchezaji anapoingiza kete zake 22 za mkononi, hakukunisumbua sana, wala mtaji, yaani hatua inayofuata kete za mkononi zikiisha, haukunishinda. Ila sheria za lile shimo la mraba liitwalo nyumba ziliniondolea usingizi kuliko hesabu za duka zima, maana kila mzee niliyemwuliza alinipa sheria, wa pembeni yake akamsahihisha, na wote wawili wakanuniana.

Hatimaye nikaiweka simu barazani, na fundi wetu mkuu wa bao, mzee ambaye hajafungwa na kijana yeyote tangu nimjue, akakubali kucheza nayo baada ya kuuliza ni mtoto wa nani. Mambo yalikwenda kwa heshima mpaka ikafika zamu ya mashine, katikati ya mtaji, ikachota kete na kuzigawa mojamoja. Nilikuwa nimeiagiza iende polepole, kwa kuyahurumia macho ya wazee. Kanuni yasema zamu haikomi mpaka kete ya mwisho ilale katika shimo tupu. Haikulala. Ilizunguka, ikazunguka, kahawa ikanywewa, kashata zikaisha, simu ikapata moto wa kuweza kuchomea mishikaki, na kete hazikulala.

Nikaona nafasi ya kuonesha elimu. Nikawaambia wazee kwamba wataalamu wa michezo wamekwisha kuthibitisha kuwa katika bao upo mpangilio wa kete ambao mzunguko wake hauna mwisho, na kwamba mwaka 1936 Mwingereza Alan Turing alionesha kuwa hakuna njia moja iwezayo kubaini, kwa kila programu, kama itafika tamati au itazunguka milele.

“Mwanangu,” akasema fundi, bila kuinua macho, “huyo Mwingereza alikuwa akicheza baraza ya wapi?”

Nikasema hakuwa mchezaji wa bao.

“Basi mwache apumzike. Huyu mtoto wako hakushindwa na hesabu. Ameona anafungwa, ndio anapoteza wakati.”

Baraza ikashauriana, na hukumu ikatoka kwa kauli moja: mchezaji ambaye zamu yake haijesha na magharibi imekwisha kuadhiniwa amefungwa, na mwenye kufungwa hununua kahawa. Simu haina mfuko. Kahawa ya watu wote nililipa mimi.