Nundu ya Masaki

Leo siku ya tatu na nundu haijashuka. Iko katikati ya paji la uso, ukubwa wa yai la kware, na kila ninayekutana naye ana tafsiri yake. Muuza duka kanipa pole ya kuvamiwa na vibaka. Jirani yetu, mama mtu mzima, alinitazama mimi, akamtazama mke wangu, akasema, "Ndoa ni kuvumiliana, wanangu." Hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba nimegongana na nyumba. Tena nyumba inayouzwa.

Nyumba yenyewe iko Masaki, ghorofa ya tisa, na wala sikwenda kuinunua. Binamu yangu wa Muscat ndiye aliyeona tangazo, akanituma nikamwangalizie, na akanionya nisijitie unyonge: "Vaa vizuri, ongea kidogo, wakuone mtu." Nikatoa suti niliyoolea. Dalali akanipokea getini, akachukua elfu hamsini yake ya kuonesha nyumba, akanitazama viatu kidogo, kisha akaanza kuniita bosi.

"Bosi, hii siyo apatimenti," akaniambia tukiwa kwenye lifti. "Hii ni lofti."

Lofti, kwa asili yake, ni ghala. Kule New York, mtaa wa SoHo, viwanda vilihama vikaacha majengo matupu yenye dari za juu na madirisha makubwa. Wachoraji wasiokuwa na kodi ya maana wakajipenyeza humo kinyemela, na mwaka 1971 jiji likawaruhusu kuishi. Wenye pesa wakaja kugundua kwamba dhiki ya wachoraji ina madirisha mazuri, na wachoraji wakatafuta pa kwenda. Sasa Masaki kulikuwa na kiwanda gani? Lofti ya haki ingekuwa pale Urafiki, Ubungo, kiwanda cha nguo kilichofunguliwa 1968. Hii imejengwa juzi, halafu ukuta mmoja ukabandikwa vitofali vyembamba kama biskuti ili uonekane mzee. Chumba cha kulala kinaning'inia juu ya jiko, unakipandia kwa ngazi isiyo na pa kushika. Kwetu shambani kitu kile kinaitwa dungu, na anayekaa juu yake ni mtoto wa kuamia ndege wa mpunga. Binamu ana miaka sitini na mbili na goti moja bovu.

Lakini macho yangu hayakukaa kwenye dungu. Upande wote wa mbele, kutoka sakafuni hadi darini, ilikuwa bahari. Maji ya buluu, ngalawa moja, na kisiwa cha Bongoyo kimekaa pale kama kimeagizwa. "Tembea bosi, toka roshani upunge upepo," dalali akasema. Nikatembea. Nilitembea mwendo wa mtu mwenye hela: mikono nyuma, kidevu juu, hatua ndefu. Mwendo ule, nakuambia, ndio ulioniponza. Ningetembea kwa unyonge wangu wa siku zote ningegusa kwa pua tu.

Mlio ulikuwa wa dafu linaloanguka kwenye saruji.

Nilipofumbua macho dalali alikuwa amesimama pembeni, adabu tele. "Pole bosi," akasema. "Hicho ni kioo."

Siku hizi tatu nimekuwa nikisoma habari za kioo kama mtu anayetafuta ukoo wa aliyempiga. Na lazima nikiri, ukoo ni mzuri. Zamani kioo bapa kikubwa kilikuwa lazima kisagwe na kusuguliwa pande zote mbili, la sivyo kilikuwa na mawimbi, ukikitazama unaona mtu ana shingo mbili. Halafu mwaka 1959 kampuni ya Pilkington ya Uingereza ikatangaza ujanja wake: mchanga, magadi na chokaa vinayeyushwa kwenye tanuri la nyuzi 1,500 hivi, kisha uji ule unamiminwa juu ya ziwa la bati. Si bati la kuezekea; bati lenyewe, madini, likiwa limeyeyuka. Kioo ni chepesi kuliko bati, basi kinaelea, kinajitandaza kama mafuta juu ya mchuzi. Na kwa kuwa uso wa kimiminika kilichotulia ni bapa, kioo nacho kinatoka bapa, hakuna aliyekisugua. Kinapofika nyuzi 600 kimeshakuwa kigumu cha kunyanyuliwa, na bati chini yake bado maji, kwa sababu bati haligandi mpaka lishuke nyuzi 232. Hata Mkuranga hapo wanatengeneza vioo vya namna hii.

Cha milangoni kinapikwa mara ya pili. Kinapashwa moto, halafu kinapulizwa upepo wa baridi kwa ghafla. Ngozi ya nje inaganda kwanza. Ndani inapoa baadaye, inasinyaa, na katika kusinyaa inaivuta ngozi ya nje na kuibana. Kioo kinaishi maisha yake yote kimejikunja ngumi ndani kwa ndani. Ndiyo maana kinakuwa na nguvu kama mara nne ya kile cha kawaida, na ndiyo maana, kati yangu na yeye, aliyepata nundu ni mimi.

Nikauliza kwa nini hawabandiki hata kikaratasi. "Kitaharibu mandhari, bosi."

Mandhari ndiyo inayouzwa, hilo nililielewa aliponitajia bei. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutaja bei kwa fedha za kigeni, basi akaangalia mlango kwanza, akanitajia dola kwa sauti ya mtu anayeuza bangi. Na juu yake kuna ada ya kila mwezi ya lifti, jenereta na walinzi, ambayo ni kodi yangu ya miezi mitano. Nikatoka roshani, safari hii nikipapasa, nikatazama chini. Ufukwe ulikuwa umekatwakatwa kwa kuta kama sabuni ya mche. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Pengine kuta zile ni za muda. Upande ule wa mji, anayetaka kulowesha miguu bila kuulizwa anakwenda kwa nani ashukuru Coco Beach ingalipo, na mihogo yake. Bahari haikuletwa na mkandarasi. Lakini niliilipia elfu hamsini kuiona dakika kumi, na bado ikanipiga.

Mengine hayana uzito. Choo kilijisafisha kabla sijakaa. Taa za korido zilizimika kwa kuona sina haraka. Lifti ilikataa kunishusha bila kadi.

Tukitoka, dada wa usafi aliingia na kitambaa, akaenda moja kwa moja kwenye kioo bila kuelekezwa. "Wewe wa tatu wiki hii," akaniambia akisugua. "Ila wale walikuwa na hela."

Jioni nikamtumia binamu picha niliyopiga kabla hajafuta. Akaisifu sana bahari. Akauliza lile wingu dogo la duara juu ya Bongoyo, je, mvua ilikuwa inakuja?

Nikamjibu ndiyo.