Heroe wa Plastiki na Bata Mwenye Nguo Nyingi

Mjomba,

Uliniuliza majirani zangu huku Ohio ni watu wa namna gani. Wenyewe sijawazoea bado, ila wanyama wao nawajua vizuri.

Karibu kila nyumba mtaani kwetu ina mnyama wa sanamu nje. Ya pale kona ina simba wawili wa saruji, mmoja kavunjika pua, wanalinda baiskeli ya mtoto. Inayofuata ina dubu aliyeshika kibao cha kukaribisha wageni, na hao wageni sijawahi kuwaona. Lakini mfalme wa mtaa ni bata bukini wa mama wa ng'ambo ya barabara. Bata huyu anavaa, Mjomba! Nguo zake zinashonwa kwa kipimo cha bata wa saruji, na zinauzwa. Mvua za Aprili zikianza anatinga koti la njano na kofia yake. Oktoba anageuka mchawi. Timu ya mpira ya Chuo Kikuu cha Ohio State ikicheza, ana jezi. Krismasi, joho jekundu. Mume wa mama huyo, kwa upande wake, kamaliza kiangazi na kaptula moja.

Usimdharau bata. Hapa watu hupishana kimya kila mmoja na gari lake, lakini bata akibadilisha nguo wanasimama, wanamsifu, wanaulizana hali. Salamu yangu ya kwanza ya maana mtaani niliipata kwa kusifia koti lake.

Sasa wewe dereva wa watalii, nikupe yako. Wale Wamarekani unaowapeleka Ziwa Manyara, wanaotokwa na machozi wakiona maji yamegeuka waridi kwa heroe, nyumbani kwao wanao! Wa plastiki, miguu ya chuma unaichomeka kwenye nyasi. Aliyewabuni ni Don Featherstone, mwaka 1957, akiwa mchongaji wa kiwanda cha Union Products pale Leominster, Massachusetts. Hakuwa na heroe hai wa kumtazama, akatumia picha za jarida la National Geographic. Wanauzwa wawili wawili: mmoja kanyanyua shingo, mwenzake kainama anakula. Mwaka 1996 Featherstone akapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya kuchekesha, na mwaka 2009 jiji la Madison, Wisconsin, likamtangaza heroe wa plastiki kuwa ndege wake rasmi. Sisi tunao wa Ziwa Natron, wazima, wenye mabawa, na sijasikia halmashauri yoyote imewapa cheo.

Wapo wanaoona hawa ndege ni ushamba mtupu, na mitaa mingine ya wenye nazo ina kanuni za kuwapiga marufuku. Mimi niko upande wa heroe. Nyumba zote za mtaa zimefanana; usiku ukimwelekeza mtu kwako, utamwambia nini?

Ila wana balaa moja. Vijana wa kanisa wakitafuta nauli ya safari yao, hawapiti na bahasha. Wanakuja usiku, wanakupandia kundi zima la heroe mbele ya nyumba. Unaamka, uwanja wote waridi, na kikaratasi: toa mchango tuje tuwaondoe. Ukiongeza kidogo, unamchagua jirani wa kupelekewa. Na ukilipa mapema unapata bima, hawakugusi. Watu wanacheka, wanatoa. Nilimwona mzee mmoja mgumu kama jiwe akienda kuchukua pochi yake huku amevaa ndala.

Kuhusu harusi ya binti wa Shangazi, ujumbe wa mchango nimeuona, na ule wa kukumbusha, na ule wa kukumbusha kwamba nilishakumbushwa. Nitatuma mwisho wa mwezi. Ila nakuomba sana, Mjomba, barua hii mwenyekiti wa kamati asiione.