Zamu ya Ulinzi

Jumatatu. Nimeamshwa usiku wa manane kwa zamu ya sungusungu. Mwenzangu kachelewa, alikuwa akitafuta tochi. Tochi ikapatikana, betri zimekwisha. Tumezunguka kijiji gizani hadi alfajiri, kisha nikapitiliza shambani. Mpunga hautoi likizo.

Jumanne. Mpwa wangu alikuwa afike mchana kutoka Sumbawanga. Gari likaharibika mlimani, kwenye Lyamba lya Mfipa, abiria wakashushwa kando ya barabara. Kaingia saa tatu usiku, sweta la baridi ya huko juu kalikunja kwapani. Mimi nilikuwa nimesimama nikimsubiri tangu mchana. Pa kukaa hapakuwa.

Jumatano. Foleni kwenye kibanda cha kuchajia. Kompyuta ya mpwa iliwekwa nyuma ya simu zote, kwa hoja kwamba inakula umeme. Ilipowaka akanionyesha Age of Empires III, mchezo wa mwaka 2005 wa kujenga makoloni na kuyapigania. Adui akivamia unaita mgambo, nao wanatoka papo hapo katikati ya mji, bunduki mkononi. Ila uhai wao unapungua wakiwa wamesimama tu, mpaka pigo moja linawamaliza.

"Mbona wanadhoofu na hakuna anayewapiga?"

"Ni wa muda, Mjomba. Wangedumu, nani angegharamia askari kamili?"

Waliotunga mchezo huo wameliona jambo. Anayelinda baada ya kutwa ya jembe hupungua vivyo hivyo. Nilitaka kuuliza zaidi, chaji ikaisha.

Alhamisi. Tumekwenda kumwamkia mzee jirani, mgambo wa vita vya Kagera. Tumemngoja amalize kuoga, na maji yenyewe yalikuwa bado kisimani. Nikatumia muda huo kumweleza kijana historia. Novemba 1970 Guinea ilivamiwa, Januari 1971 Obote wa Uganda akapinduliwa na Idi Amin, na mwaka huohuo Mwongozo wa TANU ukaagiza wananchi wafunzwe ulinzi kupitia mgambo, kwa kuwa jeshi peke yake halikutosha. Majeshi ya Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa 1978, mgambo waliitwa kwa maelfu, wakaungana na JWTZ. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979.

Mzee alipotoka, kijana akamuuliza kuhusu silaha. Yeye akajibu kuhusu mahindi.

"Niliitwa msimu wa kulima. Shamba lote alilima mama yenu, na mtoto mgongoni."

Hapo ndipo mchezo unapopungukiwa. Mgambo wake huzuka tu, hakuna nyumba iliyobaki bila mtu wala jembe lililoangushwa. Wa kwetu kila mmoja ametoka katika shamba fulani, na shamba hilo lazima mwingine alibebe. Nimemwambia mpwa aliweke hilo akilini. Alikuwa anatafuta mtandao.

Ijumaa. Mkutano wa ulinzi uliitishwa saa tatu, ukaanza saa sita. Mjumbe mmoja alitusomea asili ya sungusungu: Unyamwezini na Usukumani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe walipozidi, hadi Bunge likaitambua katika sheria za mgambo mwaka 1989. Tukahamia kwenye faini za wanaokosa zamu, tukakaa hapo sana. Nilinyoosha mkono kupendekeza kwamba msimu wa ndege zamu ifupishwe, na aliye zamuni shamba lake liamiwe na majirani. Ni haki yake, si fadhila. Nikaambiwa hilo ni la "mengineyo". Mengineyo hayakufikiwa.

Jumamosi. Mwenzangu wa zamu ana homa, na ndege wameshaingia mpungani kwake. Sikungoja mkutano mwingine. Nimempeleka mpwa akaamie huko hadi jua lizame, nami usiku nitazunguka na kaka wa mgonjwa. Kijana ameomba posho. Tumekubaliana wali na samaki, na foleni ya kuchaji nitapanga mimi.